Garhwal: umbali uliokuwa ukuta wa hekalu

Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, yale yale alimozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, amelala Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital kaskazini mwa India aliyehamia Kenya mwaka 1947 na kufia huko mwaka 1955. Watu humkumbuka kama mwindaji wa wanyama wala watu, na kisa chake mashuhuri zaidi ni cha chui wa Rudraprayag, aliyeua watu 125 kati ya mwaka 1918 na 1926, hadi Corbett alipompiga risasi tarehe 2 Mei 1926. Kwa mwanahistoria, chui huyo ni shahidi. Aliwinda kando ya njia ya mahujaji waendao Kedarnath na Badrinath, katika milima ya Garhwal, sehemu ya Himalaya ambayo leo imo katika jimbo la Uttarakhand. Mahujaji hao walisafiri kwa miguu, na usiku walilala sakafuni katika vibanda vya nyasi visivyo na milango. Ndiyo maana chui mmoja aliweza kuitia hofu nchi nzima kwa miaka minane: njia ilikuwa imejaa watu kila hatua, mchana na usiku, kutoka bondeni hadi kwenye theluji.

Vitabu vya wasafiri huitaja Garhwal kwa majina ya vituo. Kuna Yamunotri na Gangotri, zinakoheshimiwa chemchemi za mito Yamuna na Ganga. Kuna Kedarnath, hekalu la Shiva lililo mita 3,583 juu ya bahari, na Badrinath, hekalu la Vishnu. Kuna Tungnath, na kuna ziwa la Hemkund, ambalo Masikh walilitambua kuwa mahali patakatifu katika miaka ya 1930 tu. Kuna pia Bonde la Maua, na Devprayag, ambako Bhagirathi na Alaknanda hukutana, maji ya rangi mbili yakienda ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika na kuitwa Ganga. Mgeni akiwa na orodha hiyo huona kazi yake ni kuvifikia vituo. Nasema historia ya Garhwal inatufundisha kuisoma orodha hiyo kwa namna nyingine. Kwa karne nyingi mahali patakatifu palikuwa njia nzima, hekalu likiwa mwisho wake tu, na umbali ulikuwa ukuta ulioyalinda mahekalu, mahujaji na mlima wenyewe. Ukuta huo umebomolewa katika muda wa miaka 60, na mengi ya maafa tunayoyasikia kutoka huko hayaeleweki bila kuutaja.

Tuitazame njia ilivyofanya kazi. Kutoka mji wa Haridwar au Rishikesh, hujaji alitembea wiki kadhaa akifuata Ganga, kisha Alaknanda. Kila baada ya kilomita chache alikuta chatti, kijiji kidogo cha mapumziko chenye duka na vibanda. Mwenye duka hakudai kodi ya malazi. Hujaji akinunua kwake unga, dengu na samli, alipewa pa kulala, kuni, na hata sufuria ya kupikia, aliyoiosha asubuhi na kuirudisha. Kwa mpango huo mdogo, fedha za hija ziligawanyika kwa mamia ya familia njiani badala ya kurundikana mahali pamoja. Mahali ambapo duka halikutosha, palikuwa na nyumba za wageni na jiko la sadaka, hasa zile zilizoanzishwa katika karne ya 19 na mtawa aliyejulikana kwa blanketi lake jeusi, Baba Kali Kamli Wala. Wazee na wagonjwa hawakuachwa: walibebwa kwa machela au katika tenga mgongoni mwa mpagazi. Na mwili ulipata muda. Mtu wa tambarare alipanda polepole hadi zaidi ya mita 3,000, damu na mapafu yakizoea hewa nyepesi siku hadi siku. Waongozaji wa Kilimanjaro, wanaorudia neno "pole pole" kila saa, wangeielewa hekima hiyo bila kuelezwa.

Njia hiyo ilikuwa na mauti yake, na sitaki kuipamba. Kipindupindu kilipanda nayo mara nyingi kutoka Haridwar, na hakuna ajuaye idadi ya waliozikwa au kuchomwa kando yake. Lakini hata katika majanga makubwa ya mlima, nchi ya watembea kwa miguu ilikuwa na uwezo ambao leo hatuna. Septemba 1893 mlima uliporomoka na kuuziba mto Birehi, tawi la Alaknanda, na nyuma ya kifusi likajikusanya ziwa kubwa lililoitwa Gohna. Wahandisi wa serikali ya Waingereza walilipima, wakakadiria kwamba lingefurika mwezi Agosti mwaka uliofuata, wakavuta waya wa telegrafu kwenye bonde, wakaweka alama za kina ambacho maji yangefika na kuwahamisha watu. Ziwa lilipasuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1894. Srinagar, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Garhwal, ulisombwa. Waliokufa walikuwa watano: mtawa mmoja na jamaa zake, waliokuwa wamekwisha kuondolewa wakarudi.

Kilichobadili yote hayo kilikuwa mpaka. Mwaka 1962 India na China zilipigana vita milimani. Mapito ya Mana na Niti, ambako Wabhotia walikuwa wakibadilishana nafaka kwa chumvi na sufu ya Tibet, yakafungwa, na jeshi likahitaji kufika juu kwa malori. Baruti ikapasua majabali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 magari yalikuwa yakifika Badrinath. Safari ya wiki ikawa ya siku mbili, kisha ya moja. Chatti nyingi zikafa: basi halina sababu ya kusimama kila baada ya kilomita tano. Fedha zikahamia mwisho wa barabara, na hoteli za ghorofa zikajengwa kwenye kingo za mito na juu ya vifusi vya maporomoko ya kale. Joshimath ni mfano. Mwaka 1976 kamati ya serikali ilionya kwamba mji huo umekaa juu ya kifusi cha namna hiyo, na kwamba ujenzi mzito uzuiwe. Ujenzi uliendelea, na Januari 2023 zaidi ya majengo 800 yalikuwa na nyufa, kuta zikiachana kiasi cha mtu kupitisha mkono. Mwaka huo huo mahujaji wa mahekalu manne, yaani Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, walipita milioni 5, karibu milioni 2 kati yao wakiwa wa Kedarnath peke yake, katika msimu wa takriban miezi sita.

Juni 2013 ndipo hesabu ya hayo yote ilipotolewa. Jioni ya tarehe 16 na asubuhi ya tarehe 17, baada ya mvua kubwa mno, ziwa dogo la Chorabari, lililokuwa chini ya barafu juu ya Kedarnath, lilipasuka. Maji, mawe na matope yakashuka juu ya mji uliojaa watu wa msimu. Jabali moja kubwa lilisimama nyuma tu ya hekalu, likayagawa maji pande mbili, hekalu la mawe likasalimika. Rambara, kituo cha katikati ya njia ya kupandia, kilifutika chote. Waliokufa au kupotea katika jimbo zima walihesabiwa kwa maelfu. Mtu anaweza kupinga hapa, na kwa haki: mvua haikuletwa na barabara, na Chorabari halikutoa onyo la miezi kumi na moja kama Gohna. Nakubali yote mawili. Lakini mafuriko huua wale wanaoyakuta njiani, na idadi ya watu waliolala Kedarnath na Rambara usiku ule isingewezekana bila barabara iliyowafikisha Gaurikund, mguuni mwa mlima, kwa maelfu kila siku. Jabali liliokoa hekalu, lakini pia waliolijenga kwa mawe mazito walijua wamelijenga wapi. Nyumba za wageni zilizolizunguka zilijengwa kana kwamba zipo uwandani.

Pingamizi zito zaidi ni la wenyeji, na mwandishi anayeketi mbali hana haki ya kulipuuza. Mama akishikwa na uchungu usiku katika kijiji cha wilaya ya Chamoli, barabara ndiyo uhai wake. Kijana anayetaka shule, mkulima anayetaka kuuza tufaha, askari aliye mpakani, wote wana dai la haki. Hoja yangu haiigusi barabara ya kijiji. Inaigusa tofauti kati ya barabara inayomfikisha mtu kwake na barabara inayopanuliwa ili basi kubwa likimbie hadi mlango wa hekalu. Mpango wa barabara za mahekalu manne uliozinduliwa mwaka 2016, wenye urefu wa karibu kilomita 900, ulibishaniwa mahakamani juu ya jambo hilo hilo la upana, hadi Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya India iliporuhusu mita 10 kwa sababu za kijeshi. Novemba 2023 sehemu ya handaki la Silkyara la mpango huo huo, kwenye barabara ya Yamunotri, ilibomoka na kuwafungia ndani wafanyakazi 41 kwa siku 17. Walitolewa wote wakiwa hai, na mita za mwisho zilichimbwa kwa mikono, baada ya mashine kubwa kuvunjikia humo.

Kuna pia wanaosema kwamba kumzuia mtu kwenda kwa Mungu wake ni dhuluma, kwamba umbali ulimpendelea mwenye nguvu. Historia haiwaungi mkono. Umbali ulikuwa na machela yake, na dini yenyewe iliweka mipaka kabla ya serikali yoyote: mahekalu hufungwa kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, na hayafunguliwi hadi Aprili au Mei. Mipaka mipya inafanya kazi pia. Mwaka 1934 wapanda milima Eric Shipton na Bill Tilman, waliofahamiana Kenya walipokuwa walowezi wenye mashamba, waliingia bonde la ndani la mlima Nanda Devi kupitia korongo la Rishi Ganga wakiwa na Masherpa watatu na mizigo michache. Waliofuata miongo ya baadaye walikwenda kwa makundi na kuacha takataka, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 bonde hilo lilipofungwa, likapata nafasi ya kupona. Bonde la Maua, ambalo mpanda milima Frank Smythe alilikuta mwaka 1931 akitoka kilele cha Kamet pamoja na huyo huyo Shipton, huingiwa mchana tu, na jioni kila mgeni hutoka. Gaumukh, mdomo wa barafu inakotoka Bhagirathi, huruhusiwa watu 150 kwa siku. Hakuna aliyesema kwamba mto huo umepungukiwa utakatifu kwa ajili ya idadi hiyo.

Hata hivyo upepo unavuma upande mwingine. Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha gari la kamba la kilomita 12.9 kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, litakalofupisha safari ya saa nane au tisa iwe dakika 36. Mwili uliotoka Delhi, mita 200 hivi juu ya bahari, utafikishwa mita 3,583 pasipo usiku hata mmoja wa kuzoea, katika nchi ambayo mwaka 2022 ilipoteza zaidi ya mahujaji 200 katika msimu mmoja, wengi wao kwa moyo kushindwa. Helikopta tayari hufanya kazi hiyo kutoka viwanja vya bonde la mto Mandakini, kikiwemo cha Phata. Na chini yake, kila mwaka msimu unapofunguliwa, sanamu ya Shiva yenye nyuso tano hutolewa Ukhimath ilikokaa majira ya baridi, huwekwa ndani ya machela iliyopambwa kwa maua, na kubebwa mabegani na wenyeji kwenda Kedarnath. Husafiri siku kadhaa. Hulala Guptkashi, hulala Phata, hulala Gaurikund, kisha asubuhi wabebaji hubadilishana mabega na kuanza kupanda.