Hataza: Mapatano ya Mbunifu na Dola

Katika mwezi wa Juni wa mwaka 1421 watawala wa mji wa Florence, huko Italia, walimpa Filippo Brunelleschi, fundi yule mahiri aliyekuwa akijenga kuba la kanisa kuu la mji huo, hati ambayo wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa hataza za kwanza kabisa duniani. Brunelleschi alikuwa amebuni chombo cha kuchukulia shehena nzito katika mto Arno kwa gharama nafuu, lakini alikataa katakata kukidhihirisha, akihofu kuwa wengine wangevuna matunda ya akili yake pasipo ridhaa yake. Baraza likaafiki kumpa muhula wa miaka 3, na katika muhula huo chombo kipya cha namna hiyo kitakachoonekana majini bila ya idhini yake kilikuwa hukumu yake ni kuchomwa moto. Chombo chenyewe hakikuwa na bahati, kwani baada ya miaka michache kilizama pamoja na marumaru kilizobeba. Lakini mapatano yaliyokizaa yanastahili kutazamwa kwa makini.

Kabla ya hapo ilmu ya ufundi ilihifadhiwa kwa kufichwa, na hali haikuwa tofauti katika pwani yetu, ambako waunda majahazi na wachonga milango aghalabu waliirithisha elimu yao kwa wana na wanafunzi wao peke yao. Siri ya namna hiyo ina ulinzi wake, ila aliye nayo akifariki bila ya kumrithisha mtu hufa naye. Hataza iliigeuza desturi hiyo: dola humwambia mbunifu, tufunulie ulichokigundua, ukieleze kwa uwazi hata fundi mwenzako aweze kukitengeneza, nasi tutamzuia kila mtu asikitumie bila ya ruhusa yako mpaka muhula utimie, kisha kiwe cha wote.

Waliolifanya jambo hilo kuwa sheria kwa kila mtu, badala ya hisani kwa mtu mmoja mashuhuri, ni watu wa Venice, tarehe 19 Machi 1474. Kifaa kilipasa kiwe kipya katika milki ya Venice, kiwe kimekamilika hata kifae kutumika, na mwenyewe akiandikishe katika ofisi ya serikali. Naye akapata miaka 10, na mwigaji akatozwa dukati 100, na kilichoigwa kikavunjwa. Anayeijua sheria ya hataza ya leo ataona kuwa nguzo zake karibu zote zimo humo.

Uingereza ilifuata baadaye, na ilifuata kwa kuungulika, kwa sababu wafalme wake walizoea kuwagawia wapenzi wao ukiritimba hata wa vitu vya kawaida kama karata, mpaka Bunge, kwa sheria ya mwaka 1624, likaukomesha ukiritimba na kubakisha ule wa wabunifu wa kweli kwa miaka 14. Siku hizi muhula katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa, maadamu ada ya kila mwaka inalipwa.

Lakini hati ya Venice haikuwa na nguvu Florence, na kasoro hiyo iliwasumbua wabunifu hata karne ya 19, walipoogopa kupeleka mitambo yao katika maonyesho ya kimataifa ya Vienna ya mwaka 1873 wasije wakaporwa mawazo yao hadharani. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 ulitibu sehemu ya maradhi hayo, kwa kuwa aliyeomba hataza katika nchi moja mwanachama hupata miezi 12 ya kuomba katika nyingine bila ya kupoteza nafasi yake ya kwanza. Na hapa nawasihi vijana wetu wanaokwenda na vifaa vyao katika maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane: pelekeni ombi kwanza, maonyesho yaje baadaye, kwani kilichokwisha kuonyeshwa kwa umma huenda kisihesabiwe tena kuwa kipya. Sheria nyingine hutoa muhula mfupi wa msamaha, lakini si zote.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulikuwa mbali kwa muda mrefu. Chini ya utawala wa Waingereza, ofisi za hapa zilisajili hataza zilizokwisha kutolewa London, basi. Hivyo fundi wa Nairobi aliyebuni mashine alilazimika kuipeleka habari yake ng'ambo ya bahari ndipo alindwe katika mji wake mwenyewe. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba utaratibu huo ulidumu miaka mingi baada ya uhuru. Tanzania ilitunga sheria yake ya hataza mwaka 1987, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 1989. Kabla yao, mwezi Desemba mwaka 1976, mkutano wa Lusaka ulikuwa umeunda shirika liitwalo leo ARIPO, lenye makao Harare, na itifaki ya mwaka 1982 ikamwezesha mbunifu kutaja nchi kadhaa katika ombi moja. Hata hivyo mipaka haikufutika: Zanzibar ina sheria na msajili wake, na alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haimlindi mwenyewe Unguja wala Pemba.

Alama za biashara nazo hazihitaji uvumbuzi; zinahitaji jina linalotofautisha bidhaa za mtu na za wenziwe, na kwa sababu hiyo jina la bidhaa yenyewe halipasi kumilikiwa na mmoja. Hayo yalitufika mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili huko jina la kikoi, kwa tahajia ya Kizungu, ilhali vikoi vimevaliwa pwani hii vizazi na vizazi. Lau wangefaulu, mfanyabiashara wa Mombasa angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake la asili. Walitokea watu wakapinga, na kufikia mwaka 2008 ombi likaachwa. Waliweza kupinga kwa kuwa kila ombi la alama hutangazwa kabla ya kusajiliwa, na mwenye hoja huruhusiwa kuileta mbele ya msajili. Kenya na Tanzania Bara muhula wa kupinga ni siku 60 tangu tangazo lilipochapishwa.