Vyumba vya Nyuma ya Kanisa

Nyuma ya kanisa letu kuna vyumba sita. Wazee waliotutangulia walivijenga kwa ajili ya ndugu wanaotoka vijijini kuuguza jamaa zao katika hospitali ya rufaa. Siku hizi hulala humo zaidi watu wa semina, kwa kuwa semina hulipa vizuri, na mama anayemuuguza mwanawe hujilaza nje ya wodi juu ya kanga yake. Katika kikao cha usharika tuliulizana: hosteli hii ni mradi au ni huduma? Hatukuafikiana. Basi tukaona vema kutazama Wakristo wa kwanza walifanyaje.

Zamani za Mitume barabara za Dola ya Kirumi zilikuwa nzuri, lakini nyumba za kulala wageni zilikuwa na sifa mbaya: uchafu, wizi, ulevi na ukahaba. Sheria ya Kirumi ilimbana mwenye nyumba alipe mali ya mgeni ikipotea mikononi mwake, maana wenye nyumba hizo walishukiwa kushirikiana na wezi. Tukijua hayo, tunaelewa kwa nini Paulo anawaomba Warumi wampokee Fibi, na kwa nini Gayo anasifiwa kwa kuwakaribisha ndugu asiowajua. Mkristo asiye na fedha alisafiri kwa kutegemea milango ya wenzake.

Milango ikiwa wazi, wadoezi nao huja. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, kinaagiza msafiri asaidiwe, ila asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kuhamia, na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Wazee wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. (Kwa nabii anayeomba fedha kitabu hicho ni kikali zaidi, lakini hayo tuyaache.)

Ushahidi unaotugusa kuliko wote umetoka kwa mpinzani. Kaisari Juliano aliikana imani ya Kikristo akataka kuirudisha miungu ya kale. Katika barua ya mwaka 362 kwa kuhani wake mkuu wa Galatia, iliyohifadhiwa na mwanahistoria Sozomeno, anaagiza nyumba za wageni zijengwe katika kila mji, wapokewe hata wasio wa dini yake. Anatenga vipimo 30,000 vya ngano kila mwaka, sehemu moja ya tano kwa maskini wanaowatumikia makuhani, iliyobaki kwa wageni na ombaomba. Sababu haifichi: wema wa Wakristo kwa wageni ndio ulioieneza dini yao.

Miaka michache baadaye Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika Uturuki ya leo, alijenga nje ya mji makao ya wapita njia na wagonjwa, akaweka matabibu, wauguzi, wanyama wa mizigo na watu wa kuwasindikiza wasafiri. Akasemwa vibaya kwa liwali. Alijitetea kwa barua, akiuliza ni nani anayedhulumiwa kwa ujenzi huo.

Katika karne ya 6, huko Italia, Benedikto aliwaandikia watawa wake kanuni. Sura ya 53 inataka kila mgeni apokewe kama Kristo, lakini maskini na mahujaji waangaliwe zaidi; tajiri hupata heshima yake kwa sababu watu humwogopa. Hapo tuliposoma, kikao kilinyamaza. Mtu wa semina akikosa chumba kwetu, atapata gesti nyingine kabla ya giza, na waliomtuma watalipa.

Mhazini alitukumbusha kwamba paa linavuja na bili ya maji haijalipwa. Hakukosea. Hata Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Lakini dinari hizo hazikutoka kwa majeruhi. Kwa sasa tumekubaliana vyumba viwili vya karibu na lango vibaki kwa watu wa hospitali, kwa bei ya maji na sabuni, na upungufu ujazwe kwa sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi. Habari ya vyumba vinne vilivyobaki itazungumzwa baada ya mavuno.