Toka Bruxelles hata Léopoldville kwa Ndege

Tukitaka kujua urefu wa njia ya ndege, tusiulize kilometa tu. Tuulize tena ni siku ngapi. Toka Bruxelles hata Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville mpaka mwaka 1966, njia iliyonyoka ina kilometa 6.200 hivi. Siku hizi ndege huikata kwa saa nane hivi. Je, wale wa kwanza walisafiri namna gani?

Tarehe 12 Februari 1925 watu watatu waliondoka Bruxelles: Edmond Thieffry, aliyepigana vita ya 1914-1918 angani, rubani Léopold Roger, na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa na injini tatu. Walivuka bahari na jangwa la Sahara, wakapita Bangui, na tarehe 3 Aprili wakatua Léopoldville. Kwa kuzunguka hivyo walikata kilometa zaidi ya 8.000, nao walitumia siku 51.

Basi tufanye hesabu. Angani walikaa saa 75 na kitu, yaani siku tatu na zaidi kidogo. Siku zote nyingine walikuwa chini. Na wakati ule meli ya Anvers ilifika Matadi kwa majuma matatu hivi! Meli iliishinda ndege.

Je, tuseme safari ile ilikuwa bure? Hapana. Iliwaonyesha watu kwamba shida si mwendo wa ndege. Shida ni kukosa viwanja, mafuta, vyuma vya akiba na mafundi njiani. Watu wakaanza kuvitengeneza. Tarehe 23 Februari 1935 kampuni ya Sabena ilifungua safari za kawaida, na ndege ya kwanza ilifika kwa siku tano na nusu. Ndege hiyo iliitwa Edmond Thieffry. Yeye mwenyewe hakuiona: alikufa tarehe 11 Aprili 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na ziwa Tanganyika.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Toka Kinshasa hata Lubumbashi kwa njia ya angani ni kilometa 1.550 hivi, saa mbili na kitu. Lakini hakuna reli inayounganisha miji hiyo moja kwa moja. Asiye na nauli ya ndege hupanda gari la moshi kati ya Lubumbashi na Ilebo, kisha hushika mashua ya mto Kasai; naye huhesabu majuma, si saa. Kwake yeye mwaka 1925 haujapita.

Kwa hiyo tusiwacheke wale watatu na siku zao 51. Tuwaombee waliokufa njiani, nasi tutengeneze barabara na madaraja yetu, ili mgonjwa wa kijijini naye afike hospitali mapema.