Majibizano ya Mbali

Tarehe 6 Aprili 2020, ili kuzuia korona, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Mimi nilikuwa Nairobi. Ami yangu, aliyenifunza kuhesabu mizani kwa vidole, alikuwa Mombasa, peke yake.

Mwanzoni tulipigiana simu. Baada ya kujuliana hali, maneno yalituishia. Jioni moja akaniletea kwa simu ubeti mmoja wa tarbia, bila salamu. Ulikuwa na swali, nami nilipaswa kujibu kwa vina vyake. Nilijibu usiku huohuo. Alfajiri nikapata hukumu: mshororo wangu wa tatu ulikuwa na mizani 15 badala ya 16. Tukaendelea hivyo kila siku.

Nilidhani tumebuni jambo jipya, kumbe tulikuwa tukipita njia ya wazee. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, wakati miji yao ilikuwa katika uhasama. Mashairi mengi ya kale hufunguliwa kwa kumwita mjumbe, kumkabidhi waraka na kumwelekeza njia, kwa sababu yalitungwa yasafiri. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, malenga walipata mjumbe mwingine: mmoja aliuliza katika toleo moja, na mwenziwe asiyepata kumwona uso akamjibu katika toleo la baadaye. Hata Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika beti zake gerezani kwenye karatasi za chooni, nazo zikatufikia katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973.

Kwa nini ushairi ulifaa kuliko mazungumzo ya simu? Nadhani ni kwa sababu ya vina. Anayeulizwa hali anaweza kujibu "njema" bila kusikiliza. Anayejibu ubeti kwa vina vya mwenziwe hana budi kukaa ndani ya maneno ya mwenziwe, ayapime, ayageuze, ndipo aseme lake.

Lakini majibizano yana deni. Mwezi wa Juni kazi zilinizonga, nikaacha ubeti wake siku 9 bila jibu. Zamani malenga asiyejibu alihesabiwa kuwa ameshindwa; mwaka ule asiyejibu alidhaniwa mgonjwa. Siku ya 9 ami alinipigia simu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "U mzima, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

Njia zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Nilipofika kwake alinionyesha daftari alimonakili beti zetu zote, kila ubeti na tarehe yake. Katikati aliacha kurasa 2 tupu. Sikuuliza ni za nini, naye hakusema.

Tangu hapo, ubeti ukinifikia naujibu siku hiyohiyo, hata kama mizani itapungua.