Run For The Wall: pikipiki za kukumbuka askari

Kila mwaka, mwezi wa tano, mamia ya pikipiki hutoka California na kuvuka Marekani mpaka Washington. Walioanzisha safari hii, 1989, ni askari wa zamani wa vita ya Vietnam. Inaishia ku ukuta mweusi wenye majina zaidi ya 58.000 ya waliokufa ao kupotea.

Siku kumi juu ya pikipiki, hata motari wetu angechoka. Njo maana familia za njiani huwapikia chakula, wengine huwalipia mafuta. Kule Rainelle, West Virginia, watoto wa shule ya msingi ndio huwapokea.

Wamarekani zaidi ya 1.500 wa vita ile hawajapatikana bado. Jamaa zao hazina kaburi; zinangoja hata mfupa.