Kurasa 11 za babu

Kwenye laptopu yangu kuna faili moja la Word lenye kurasa 11. Lilikuwa na kurasa 41. Ukurasa wa 11 unakatika katikati ya neno, babu akiwa anaeleza lile daraja la kwanza la Nyali, lililokuwa likielea juu ya maji na watu wakilipa ndipo wavuke. Lilifunguliwa 1931, likatumika mpaka hili la zege lilipokuja 1980. Maneno ya mwisho ya faili ni "na siku hiyo daraja li". Basi. Hadithi naikumbuka kwa jumla, kulikuwa na mkokoteni wa nazi ndani yake, lakini majina ya watu na vile alivyoyasema mwenyewe siyakumbuki. Naye tulimzika Mei 2023.

Wengi mwanijua kwa video za historia ya Kisauni na Nyali, na wengine mwajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla mtu hajauliza: la, sikuacha chuo kwa sababu ya faili. Niliacha kwa sababu ya karo, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Babu nilimrekodi Desemba 2022, kwa simu, barazani kwake, siku nne. Alikuwa kuli wa Kilindini ujana wake na alikuwa anajua kuhadithia, si mtu wa kukimbiza maneno. Sauti zikanijazia simu. Sikuwa na laptopu wakati huo, kwa hiyo nikawa nakwenda saiba moja karibu na Kengeleni, pale penye kengele ya Freretown, mji ambao wamishenari wa CMS waliujenga miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Naweka spika masikioni, nasikiliza, naandika. Nikimaliza kipande cha sauti nakifuta, nafasi ipatikane. Nilijiona mjanja sana. Nimeyageuza maneno ya babu kuwa maandishi, sauti za nini tena?

Maandishi yenyewe yalikuwa ndani ya flashi. Si kwamba nilikuwa na nakala humo. Ndimo yalimokuwa, humo tu. Nachomeka, nafungua faili moja kwa moja kutoka kwa flashi, naandika humo humo, naseivu humo humo, nachomoa, naenda zangu. Miezi kumi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa jioni, Oktoba 2023. Dakika zangu zilikuwa zaisha na rafiki yangu yuko nje na bodaboda anapiga honi. Nikaseivu, nikafunga Word, nikachomoa. Kile kitaa cha flashi kilikuwa bado kinamemeta. Nilikiona. Hiyo ndiyo huniuma mpaka leo, kwamba nilikiona.

Sasa nieleze kilichotokea ndani, maana nimekisoma hiki kitu kuliko nilivyowahi kusoma chochote chuoni. Sisi hudhani ukiseivu, Word inayachukua yale mapya na kuyaongeza chini ya yale ya zamani, kama mtu anayeongeza mstari daftarini. Sivyo. Ukifungua tu faili, Word inaunda kijifaili kilichofichwa, folda ile ile, jina lake linaanza na alama ~$. Ukiseivu, inaandika faili zima upya kwa jina la muda, kisha lile la zamani linaondolewa, kisha jipya linapewa jina la lile la zamani. Kuna kipindi, cha kufumba na kufumbua, ambapo kazi yako haiko kwa jina lako. Hayo yote yakifanyika ndani ya diski ya kompyuta, hatari ni ndogo. Yakifanyika ndani ya flashi, yanategemea kitu ambacho waweza kukichomoa kwa vidole viwili huku mtu anakupigia honi.

Na flashi nayo si daftari. Chipu zake ni za aina inayoitwa NAND, waliyoibuni Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba miaka ya 1980, na chipu hizo haziwezi kufuta neno moja peke yake. Hufuta fungu zima. Ukibadilisha koma moja, kile kidhibiti kilichomo ndani huandika mahali pengine na mara nyingine hulazimika kuhamisha na majirani. Umeme ukikatika hapo katikati, waweza kupoteza hata faili ambalo siku hiyo hukuligusa. Juu ya hayo, flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo ni mjukuu wa mpangilio ulioanza 1977 kwa ajili ya disketi. Diski ya ndani ya Windows hutumia NTFS, ambayo huweka rekodi ya kila hatua ili mambo yakiharibika njiani iweze kujirudi. FAT32 haina rekodi hiyo. Ikikatizwa, imekatizwa.

Kesho yake nikarudi saiba. Dada anayekaa pale akaniuliza swali moja tu: "Ushaandika kitu kingine humu tangu jana?" Nikamwambia la. "Basi usiiguse." Akaendesha programu ya kufufua mafaili kwa muda wa saa nzima. Lile la kurasa 41 halikufufuka. Kilichopatikana ni faili la muda la Februari, ambalo Word ililiacha nyuma siku ambayo dakika ziliniishia nikiwa katikati ya neno. Ndizo hizo kurasa 11. Alinitoza shilingi 200, na akanipa kiti nikae.

Swali ambalo nimekuwa nalo tangu siku hiyo ni kwa nini nilikuwa nafanya vile. Na jibu ni kwamba sikuwahi kumwona mtu akifanya vingine. Hii tabia ina historia, na historia yenyewe ni ya mtaani kwetu.

Mjomba wangu alisomea uhazili miaka ya 1990, wakati wa disketi. Ile picha ya mraba mnayobonyeza kuseivu ndiyo hiyo, disketi ya inchi 3.5, MB 1.44, kitu ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu. Anasema mwalimu wao alikuwa mkali: kazi ifanywe ndani ya kompyuta, disketi ni ya kutokea nayo mlangoni. Na disketi ilikuwa na kijilango kidogo cha plastiki pembeni. Ukikisogeza tundu likawa wazi, kompyuta yoyote yaweza kusoma lakini haiwezi kuandika wala kufuta. Yaani kifaa chenyewe kilikuwa kinajua kwamba kubeba na kuandika ni kazi mbili. Flashi zilipoanza kuuzwa mwaka 2000, Trek ya Singapore na ThumbDrive yake, kisha IBM na ya kwao ya MB 8, kile kijilango kikawa cha nadra. Hakuna aliyekililia. Flashi ni nzuri bwana, yaingia mfukoni, yabeba kila kitu. Nani ataka kufuli?

Lakini kilichoifanya flashi iwe nyumba badala ya mkoba ni saiba. Shilingi moja kwa dakika. Ukitumia dakika tatu kukopi faili kwa desktopu na dakika tatu kulirudisha, ushalipa shilingi sita ambazo hukuandika neno. Halafu saiba nyingi zilikuwa na Deep Freeze, ile programu ambayo kompyuta ikizimwa na kuwashwa inarudi vile vile ilivyokuwa asubuhi. Chochote ulichoacha kimeyeyuka. Na hata pasipo na Deep Freeze, ile desktopu si yako, ni ya mwenye saiba. Utaacha hapo CV yako na nambari ya kitambulisho? Barua ya kesi ya shamba la familia? Atakayeketi baada yako atasoma yote.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema watu huandikia ndani ya flashi kwa ujinga. Walikuwa wanapiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Flashi ndiyo droo pekee waliyokuwa na ufunguo wake. Wataalamu wanaosema "anza kwa kukopi faili kwenye kompyuta yako" wameshapita lile neno gumu, "yako", bila kulitazama.

Kulikuwa na virusi pia, na hapa historia inatoka nje kidogo. Kirusi cha kwanza cha kompyuta hizi za PC kilisambaa 1986, kinaitwa Brain, kazi ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistan. Kilisafiri kwa disketi, kutoka mkono hadi mkono. Conficker ilipotokea Novemba 2008, toleo lake lililofuata lilikuwa linaruka kwa flashi, kwa sababu Windows ilikuwa na tabia ya kuendesha chochote kilichomo punde tu ukichomeka. Mpaka Februari 2011 ndipo Microsoft ikatoa sasisho la kuizima tabia hiyo kwa Windows za zamani. Kwetu sisi kilichoumiza zaidi ni kile cha shotikati: wachomeka flashi, folda zako zote zimekuwa vimshale. Mafaili yalikuwa yamo, yamefichwa tu. Lakini mtu akiona hivyo anaambiwa "ina virusi hii, tuifomati?" Naye anakubali. Hapo ndipo yalipopotea kweli. Sijui ni CV ngapi za Kisauni ziliondoka hivyo na mwenyewe akamlaumu kirusi.

Kisha ikaja ile nyaya. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua TEAMS hapa Mombasa, kebo iliyotoka Fujairah kupita chini ya bahari. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. LION2 iliyokuja 2012 imetulia hapa hapa Nyali. Yaani intaneti ya sehemu kubwa ya nchi yapita chini ya mchanga ambao sisi hupiga picha za machweo. Ungedhani flashi zingekufa siku hiyo. Hazikufa. Mwaka 2022 nilikuwa nimekaa mwendo mfupi tu kutoka kebo ya kimataifa inapotokea baharini, na maneno ya babu nimeyaning'iniza shingoni kwa kamba ya bluu. Kebo ilifika. Bando zangu hazikufika.

Na msidhani ni lazima uchomoe kwa mkono. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili akapona. Kila aliyekuwa anaseivu kwenye flashi dakika hiyo, kwa kompyuta isiyo na betri, alichomolewa flashi yake na tumbili.

Kuna mtu wa Mombasa ambaye humfikiria sana nikifungua zile kurasa. Muyaka bin Haji alikuwa malenga wa zama za Mazrui, akafariki karibu 1840. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu miaka mingi. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa Mombasa, ambaye miaka ya 1880 aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, naye Taylor akawa anayanakili kwa herufi za Kirumi. Karatasi hizo zikaishia London, kitabu kikachapishwa Johannesburg 1940, miaka 100 hivi baada ya Muyaka. Sina furaha kwamba karatasi hizo ziko mbali nasi, hilo tulijadili siku nyingine. Lakini angalieni mpangilio: shairi lilikuwa kwa wazee walioligheni, likawa kwa mkono wa Sikujua, likawa kwa mkono wa Taylor. Mwalimu Sikujua alipomaliza kuandika, wazee hawakufutwa vichwa ili nafasi ipatikane. Mimi nilifuta.

Sasa hivi nina laptopu ya mtumba, hivyo kazi hufanyia kwenye diski yake, na nikimaliza natuma nakala kwa flashi ikiwa na tarehe kwenye jina, ile ya jana naiacha. Nikiwa saiba, nakubali kupoteza zile shilingi sita. Nakopi kwa desktopu, naandika, narudisha kwa jina jipya, nabonyeza ile alama ya kutoa salama na kungoja taa itulie, kisha nafuta nilichoacha kule mpaka ndani ya pipa la taka. Nikiwa na bando hujitumia na barua pepe. Shilingi sita, jamaa. Kurasa 30 za babu ziligharimu shilingi sita.

Mwezi uliopita nilimuuliza shangazi ile habari ya daraja na mkokoteni wa nazi. Anasema siku hiyo daraja lilikuwa limefungwa na babu akalala upande wa pili. Mjomba anakataa kabisa, anasema daraja lilikuwa wazi, mkokoteni ndio uliotumbukia. Wamebishana karibu saa nzima, chai ikapoa. Nimewarekodi wote wawili. Sauti ziko kwa simu, ziko kwa laptopu, na nakala ya tatu iko kwa flashi ile ile yenye kamba ya bluu, ambayo mpaka leo inafanya kazi vizuri kabisa.