Saa Iliyopika Chai

Katika Makumbusho ya Sayansi mjini London imehifadhiwa saa ya ajabu. Frank Clarke, fundi wa bunduki wa mji wa Birmingham, aliitengeneza na kuiuza tangu 1902, ingawa aliyeibuni alikuwa fundi wa saa aitwaye Albert Richardson. Saa hiyo ilipofika wakati uliowekwa, kiberiti kilijiwasha chenyewe, kikawasha taa ya spiriti iliyokuwa chini ya birika dogo. Maji yalipochemka, mvuke ulifyatua kizuizi, birika likainama na kumimina maji katika buli. Ndipo kengele ikalia kumwamsha mwenyewe. Nadhani mtu aliyekubali kulala usingizi karibu na moto wa namna hiyo alikuwa na ujasiri mwingi kuliko kiu yake.

Umeme ulipoingia majumbani, hatari hiyo ilipungua. Mwaka 1933 Brenner Thornton alisajili chombo ambacho baadaye kiliuzwa na kampuni ya Goblin kwa jina la Teasmade. Ndani yake maji yalichemshwa katika chombo kilichofunikwa sana, hata mvuke ukayasukuma kupitia mrija mpaka kwenye buli. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, chombo hicho kilienea katika vyumba vingi vya kulala vya Uingereza.

Wako waonao hapa uvivu tu. Lakini twaulize: kabla ya mashine, nani aliyepika chai ile? Alikuwa msichana mtumishi, aliyeamka gizani, akawasha moto na kupanda ngazi na sinia mkononi. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 wasichana wengi waliona heri kwenda viwandani, madukani na maofisini kuliko kutumwa nyumbani mwa watu. Basi mashine ilikalia kiti kilichoachwa wazi na binadamu.

Huku kwetu Mombasa kiti hicho hakikuwa wazi. Chai ya alfajiri ya Mzungu ililetwa kitandani na mtu mzima, pengine baba wa watoto, naye aliitwa “boi”. Jina lake liliandikwa katika kipande, pamoja na jina la bwana wake na mshahara wake. Waliotumika nyumba za Nyali wakitoka kisiwani walivuka daraja lililoelea juu ya maji, lililojengwa mwaka 1931. Waliokaa Likoni walivuka kwa feri. Wa Changamwe waliingia mjini kwa njia ya Makupa. Ili bwana anywe chai saa kumi na mbili, mtumishi ilimpasa kuamka usiku. Mtu wa namna hiyo akipatikana kwa mshahara mdogo, mashine ya nini?

Vita vilipokwisha, bei za vitu zilikuwa zimepanda, nyumba za kupanga zilikuwa haba, na mishahara haikutosha. Jumatatu, tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini Kilindini, wa reli, wa mahoteli, na watumishi wa nyumbani pia. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapana haja ya shahidi kutuambia kwamba asubuhi zile mabwana na mabibi wengi walitafuta wenyewe mahali lilipowekwa kopo la majani ya chai.

Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi wafanyakazi warudi kazini, wakaahidiwa kwamba madai yao yatachunguzwa. Baraza la uchunguzi chini ya Jaji Thacker lilitoa nyongeza za mishahara. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Sinia zilirudi vitandani. Hata hivyo, watumishi walikuwa wamekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafanyakazi, bega kwa bega na wachukuzi wa Kilindini. Siku hizi wana chama chao, KUDHEIHA, pamoja na wafanyakazi wa mahoteli na hospitali, na serikali ya Kenya hutangaza kima cha chini cha mshahara wao.